Maswali yenu kuhusu stelingi za magari ya zamani

Wiki hii maswali mengi yamekuja ya kitu kimoja, stelingi, nadhani ni kwa sababu watu wengi huku Nyanda za Juu wameanza kufufua magari ya wazee wao yaliyokuwa yamelala uani miaka na miaka. Nimefurahi sana kuona hivyo. Nayajibu moja moja.

Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser BJ40 ya marehemu baba, niko Mafinga. Nati ya stelingi nimeshafungua lakini stelingi yenyewe imegoma kabisa, fundi wa hapa anasema tuigonge na nyundo. Nimruhusu?

Marahaba mwanangu. Usimruhusu, mwambie aweke nyundo chini kwanza.

Stelingi imekaa kwenye shafti yenye meno madogo madogo, halafu shafti yenyewe imechongwa kidogo kama koni, kwa hiyo ile nati imekuwa ikiibana miaka 40 na kutu imeingia humo, lazima igome. Sasa ukipiga nyundo kichwa cha shafti nguvu yote inashuka chini kwenye bearing na kwenye steringi boksi, ile inayogeuza tairi. Na kuna kingine ambacho mafundi wengi hawakijui, magari mengi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 shafti yake imetengenezwa ijikunje gari likigonga ili isimchome dereva kifuani (Marekani waliweka sheria hiyo tangu 1968), na ndani ya shafti za hivyo mara nyingi kuna pini laini za plastiki, ukigonga zinakatika na wewe huoni kitu kwa nje. Mimi yalinikuta, Peugeot 504 yangu niliipeleka gereji moja wakaigonga dakika tano tu ikatoka, wakashangilia, kesho yake nashika stelingi naivuta kwangu inakuja, naisukuma inakwenda. Nilikaa miezi natafuta shafti nyingine.

Fanya hivi. Chomoa waya wa betri. Nyoosha tairi za mbele ziangalie mbele kabisa, halafu chukua senta panchi, ile patasi ndogo ya ncha kali, utie alama moja kwenye shafti na nyingine kwenye kitovu cha stelingi, zitazamane. Rudishia nati mizunguko mitatu hivi, usiikaze, yaani ibaki imeshika tu. Hiyo nati ndiyo itakayokuokoa meno yako, maana stelingi iliyogoma ikiachia inaachia ghafla na inakuja moja kwa moja usoni. Nyunyizia WD-40 uache hadi kesho. Kisha tafuta pula, kifaa cha kuvutia stelingi itoke, kwenye kitovu utaona matundu mawili yenye nyuzi za kufungia boliti, hayakuwekwa kwa urembo, ni ya pula hayo. Kwenye Toyota mara nyingi yanaingia boliti za M8, yaani unene wa milimita 8. Huna pula? Nenda kwa wachomeleaji, chuma bapa kinene chenye matundu matatu kinatosha, boliti mbili pembeni na moja kubwa ya katikati inayosukuma shafti, kaza taratibu huku pembeni zote mbili zikivuta sawa. Ikikaza sana pumzika, ongeza WD, rudi tena. Utasikia mlio mmoja tu, ka! Hapo imeachia.

Fundi mimi nilitoa stelingi kupaka rangi nikarudisha, sasa gari likienda moja kwa moja stelingi imelala kushoto kidogo. Nikapige alaimenti ya tairi? (Uyole)

Hapana kaka, usitoe hela bure. Ulirudisha ukakosea jino. Kama shafti yako ina meno 36, kila jino moja ni nyuzi 10 za mzunguko, kwa hiyo ukikosea moja tu lazima uione kwa macho. Endesha barabara iliyonyooka, simamisha gari bila kugusa stelingi, ichomoe, isogeze jino moja kulia, rudisha. Ila kama hukuigusa kabisa na ikalala yenyewe, hiyo ni habari nyingine, angalia tairodi endi, vile viungo vinavyounganisha stelingi na tairi, haraka, tena leo.

Habari fundi. Beetle yangu stelingi imepasuka pasuka, plastiki imeachana na chuma sehemu nne. Nimeambiwa niweke bodi fila. Niko Tukuyu. — Dada mpenda Beetle

Nzuri dada, na hongera kwa kuitunza hiyo gari. Bodi fila, ile ya kuzibia mabonde ya bodi, usiweke. Bodi fila ikikauka inakuwa ngumu lakini haina ustahimilivu, stelingi inashikwa, inavutwa, inapigwa jua la mchana na baridi la usiku, baada ya miezi miwili nyufa zinarudi palepale. Tumia gundi ya epoksi ya kuchanganya, ile ya vitu viwili.

Itoe stelingi kwanza, usifanyie ndani ya gari. Kwenye Beetle kitufe cha honi kinang'oka kwa kukibinua taratibu, chini yake utakuta nati kubwa, nyingi ni za spana namba 27, na raha ya Beetle ni kwamba mara nyingi stelingi inatoka kwa mikono tu, unaitikisa kulia na kushoto, pula huihitaji. Sasa usiogope hatua inayofuata: ule ufa uupanue. Tumia msumeno wa chuma au faili mpaka uwe kama herufi V na uone chuma cha ndani, maana epoksi ikipakwa juu juu ya ufa mwembamba haina pa kushika. Chuma kikiwa na kutu kisugue kiwe cheupe. Safisha na thinner, jasho la mikono ya watu waliolishika hilo gari tangu miaka ya 60 limeingia humo na gundi haikai juu ya mafuta. Jaza ipite juu kidogo, acha ikauke. Maelekezo ya gundi nyingi yanasema saa 24 lakini hiyo ni kwa joto la kawaida, kwa Tukuyu mwezi wa sita na wa saba hebu ipe siku mbili tatu, iweke jikoni juu ya kabati, siyo karibu na moto. Halafu msasa 80, kisha 180, malizia 400 na maji, prima, rangi ya gari ya kuchanganya na hadena, ile dawa ya kuikausha. Ukipitisha kidole ukiwa umefumba macho usisikie palipokuwa na ufa, hapo umemaliza.

Ila kama ufa uko kwenye chuma chenyewe, pale mikono ya stelingi inapoungana na kitovu, hapo hakuna gundi wala kuchomelea. Tafuta stelingi nyingine.

Kurudisha nati ikaze kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, Beetle ni Nm 50.

Nimerudisha stelingi, sasa indiketa ya kulia haijizimi yenyewe, ya kushoto iko poa. (Makambako)

Kuna kidole au pete nyuma ya stelingi inayorudisha swichi ya indiketa, na wewe uliifunga wakati swichi haiko katikati. Toa, weka indiketa katikati, tairi ziangalie mbele, rudisha. Ukilazimisha hivyo hivyo itavunja swichi na swichi za magari hayo siku hizi ni ghali.

Kamwene fundi! Land Rover 109 Series II, nataka niweke stelingi ndogo ya sport ya sentimita 35. Niko Ipogolo.

Kamwene sana. Kuitoa kwako ni rahisi, hiyo haina nati katikati, ina boliti inayobana kitovu kwa pembeni, legeza hiyo. Lakini nakuomba usiweke. Stelingi yako ya asili ni kama sentimita 43, ukienda 35 mikono yako itahitaji nguvu zaidi kwa karibu robo, na gari halina pawa steringi. Sasa fikiria uko mlima Kitonga, umebeba mzigo, kona inakaza, mbele lori limesimama. Waliotengeneza ile stelingi kubwa walijua wanachofanya. Kama inakuteleza ishonee kava la ngozi.

Na sisi wenye Mark II GX100 tunafuata hatua hizohizo? (Mwanjelwa)

Hapana! Hiyo ina eabegi. Zima swichi, chomoa hasi ya betri, subiri si chini ya sekunde 90 ndipo uguse chochote, mimi nasubiri dakika kumi kabisa. Eabegi ikitoka ilaze uso wake ukiangalia juu, isipimwe na mita ya umeme kwa namna yoyote. Na ule waya wa kujiviringisha ulio nyuma ya stelingi ufunge na seloteipu usizunguke, ukipoteza katikati yake utakatika siku utakayokata kona kubwa na taa ya eabegi itawaka. Kama hujawahi kuifanya, tafuta fundi aliyewahi na ukae pembeni umwangalie.