Glandi inafuka moshi baada ya kukazwa

Ndugu, umesema pampu ilikuwa inadondosha maji kwenye shafti, ukakaza glandi (kibano kinachobana pakingi kwenye shafti) hadi pakakauka, na sasa panafuka moshi. Pakingi, yaani pete za kamba zinazozunguka shafti kuzuia maji, hupozwa na kulainishwa na matone hayohayo. Ukiyazuia, inaungua, inakuwa ngumu na kukwangua slivu, yaani bomba linalofunika shafti.

Kulegeza sasa hakutaiokoa. Zima pampu, funga swichi kuu kwa kufuli, funga vali zote mbili, toa presha. Ondoa pete zote kuukuu za pakingi, hata ya chini kabisa. Kuongeza moja juu ya zilizoungua ni kupoteza pakingi. Pitisha ukucha kwenye slivu: ukinasa, badilisha slivu kwanza. Ingiza pete mpya moja moja, maungio ya ncha zake yapishane kwa nyuzi 90. Kama kuna pete ya kupitishia maji, ikae mkabala na tundu lake.

Kaza nati za glandi kwa vidole tu, fungua vali, ondoa kufuli, washa, iache ivuje kwa wingi. Kisha kaza kila nati kwa sehemu moja ya sita ya mzunguko, ukingoja kama dakika 10 kila mara, mpaka yabaki matone 40 hadi 60 kwa dakika.

Shafti ikicheza, shuku beringi. Na kama pampu inasukuma kemikali au kinachowaka, usiguse. Mwite fundi mwenye ujuzi wa vimiminika hivyo.