Picha inakwama ukitua Dar

Kaka, umesema Microsoft Flight Simulator, ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, inateleza vizuri ukiwa juu ya bahari, ila ukishuka njia ya kutua namba 23 pale uwanja wa ndege wa Julius Nyerere picha inakwamakwama. Usishushe mipangilio yote ya picha! Baharini hakuna mengi ya kuchora. Mjini prosesa inabeba majengo, miti, magari na ndege zilizoegeshwa. Anza na kipimo cha undani wa ardhi, kile wengi wanakiita TLOD. Kama kiko 200, kirudishe 100, kisha punguza magari na ndege za uwanjani. Kupunguza pikseli za skrini hapo hakusaidii sana, huo ni mzigo wa kadi ya grafiki. Mawingu ndiyo yanaila kadi: yatoe Ultra, kiwango cha juu kabisa, shusha hatua moja tu, macho hayataona tofauti kubwa.

Halafu funga fremu, yaani picha zinazochorwa, zisizidi 30 kwa sekunde. 30 zilizotulia ni tamu kuliko 50 zinazoanguka ghafla.

Na kwa joto letu hili, kama ni laptop inyanyue ipate hewa chini, maana ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe. Badili kimoja, tua tena, ndipo uguse kingine.