Hizo chupa za mvinyo zishushe kutoka juu ya kabati leo hii

Mkuu, umeuliza uanze kuonja mvinyo wa mwaka wa zamani au mpya, glasi ziwe ngapi na jibini gani iende nazo. Mimi nimekwama kwenye picha. Chupa tano za mvinyo mwekundu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, juu ya kabati la jikoni, Dar, mwezi wa pili, na chini umeandika "nyekundu haiwekwi friji". Nani kakudanganya? Ngoja, namjua. Alinidanganya na mimi.

2023 tulikuwa wanane, laki moja kila mtu. Tulitaka kulinganisha Cabernet (aina ya mvinyo mwekundu) ya shamba moja, mavuno tofauti, yaani zabibu za miaka tofauti: 2013, 2014, 2015, 2017 na 2018. Hazipatikani zote kwa mpigo, kwa hiyo kila aliyekwenda Cape Town alirudi na moja, nami ndiye mtunzaji. Muuza duka mmoja, tai shingoni na maneno mengi, alishanifunda: "Nyekundu ni joto la chumba, ukiitia friji unaiua." Chumba cha nani? Msemo huo ni wa Ulaya ya kabla ya nyumba kuwa na hita, chumba chao nyuzi 16 hadi 18. Changu 31, na umeme ukikatika hata panya wanahamia barazani.

Siku ikafika, tukakaa na kalamu kama wasahihishaji wa mitihani. 2013 ikashinda kwa mbali: matunda yananukia, tanini (ule ukakasi wa mvinyo mwekundu) laini, unatamani kuongezwa. Ile 2017, ambayo Stellenbosch wenyewe wanaisifu, ilikuwa kama zabibu kavu zilizochemshwa na ukwaju, spiriti inapanda puani kabla hujameza. Jamaa mmoja akatoa hotuba jinsi ukame wa Cape ulivyoharibu zabibu za miaka ile. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kesho yake naosha chupa, nashika shingo ya ile 2017: pananata. Mvinyo ulivuja ukakaukia chini ya lile karatasi la juu, na nikakumbuka kizibo kilikuwa kimejitokeza kidogo. Joto huuvimbisha mvinyo, unasukuma kizibo, ukipoa unavuta hewa ndani. Nikahesabu tarehe. 2017 ilitangulia kufika, ikakaa kabatini miezi ishirini. 2013 ililetwa wiki moja kabla, kutoka ghala la shamba lenyewe. Kumbe tulichokipa alama si mavuno, ni muda ambao kila chupa ilikaa jikoni kwangu! Laki nane kupima kabati. Msinicheke, mke wangu anatosha.

Nilirudi kwa yule muuza duka. Nikakuta za bei mbaya kazipanga dirishani, jua la saa nane linazichapa. Akaniuliza safari hii nachukua ngapi.

Mwaka uliofuata nikainywa 2017 hiyohiyo shambani kwao. Sisimulii, nitalia.

Kwa hiyo shika hili tu: zote zikae mahali pamoja, pa baridi, tangu inapofika ya kwanza. Nyuzi 13 hivi ndiyo safi. Huna? Chini kabisa ya friji, mchicha utasogea. Zilaze, kizibo kisikauke. Siku ya kuonja zitoe nusu saa kabla, kwa Dar inatosha. Na usiziache kwenye buti la gari eti unaingia benki dakika mbili. Dakika mbili za benki tunazijua.

Glasi azima kwa majirani. Chupa moja kwa watu wanane ni kama mililita 90 kila mtu, hivyo wachelewaji wasikuhuzunishe. Jibini leta yoyote.

Ila kwanza nijibu: kati ya hizo tano ipi ilifika mwanzo, na lini? Pitisha kidole pale shingoni, chini ya karatasi. Pananata?