Re: Je, toleo thabiti la Debian huficha hitilafu?
Ndugu yangu, umeuliza kama toleo thabiti la Debian (mfumo endeshi huria wa kompyuta) huficha hitilafu, kwa kuwa kompyuta za duka lako huko Moshi bado zina programu zenye namba za matoleo ya zamani. Hapana. Mkataba wa Kijamii wa Debian, uliopitishwa mwaka 1997, unaahidi kwamba matatizo hayatafichwa, na orodha ya hitilafu zilizoripotiwa iko wazi kwa yeyote. Kinachokuchanganya ni namba: kasoro ya usalama inapogunduliwa, kwa kawaida watunzaji wa Debian huchukua kiraka chenyewe tu, yaani kipande cha msimbo kinachorekebisha kasoro hiyo, kutoka toleo jipya la programu na kukipandikiza katika lile la zamani, kwa hiyo namba kuu hubaki ileile na mwishoni huongezwa alama kama deb12u1 (sasisho la kwanza katika Debian 12). Isome alama hiyo kabla ya kulaumu. Hitilafu ndogo zisizohusu usalama mara nyingi huachwa hadi toleo kuu lijalo, kwa sababu kila badiliko linaweza kuharibu kitu kingine. Hapo nakiri kwamba mtumiaji huumia. Kuficha ni jambo jingine: hapa Arusha niliwahi kuletewa programu ya mauzo ambayo "marekebisho" yake yalikuwa kuzima ujumbe wa kosa, huku hesabu za stoo zikiendelea kupotea.