Ruzuku kwenye akaunti ya hisa? Subirini kwanza

Dada, hiyo fomu usiitume. Umeandika kwamba kikundi chenu cha Mwambani kina wanawake kumi na watano, mnalima mwani na kupanda mikoko, mfadhili amekubali kuwapa milioni nane, na mshauri wenu amewaambia mjaze namba ya akaunti mnayowekea hisa, yaani akiba mnayochanga na kukopeshana, ili "kukwepa makato mara mbili". Umeuliza mambo matatu: akaunti, mjisajili NGO au mbaki kikundi, na wapi pengine pa kuomba. Naanza na akaunti, maana hapo ndipo mnapozama.

Ruzuku inakaa peke yake. Akaunti yake, daftari lake, faili lake. Hata ikiwa laki tano.

Chukua hesabu yenu wenyewe. Umesema hisa ziko 3,400,000. Zikiingia 8,000,000, salio linasoma 11,400,000. Mnanunua kamba na taitai (vikamba vya kufungia mwani) za 1,800,000, sawa kabisa. Wiki hiyo hiyo ni siku ya mikopo, wanachama watatu wanakopa 2,500,000. Salio 7,100,000. Mpaka hapo hakuna aliyeiba: 6,200,000 ni za mradi, 900,000 ni za hisa, na 2,500,000 ziko mikononi mwa wakopaji. Sasa mzunguko wa hisa unaisha, kila mtu anataka hisa zake kabla ya Idi, na aliyeweka hisa hataki kusikia kwamba mwenzake hajarejesha. Mnatoa 3,400,000 mnagawana. Akauntini zinabaki 3,700,000, mahali panapotakiwa kuwa na 6,200,000. Hela ya mradi imekwenda kununua nguo za sikukuu na hakuna hata mmoja wenu aliyejua.

Mfadhili hatokuja na polisi. Ataomba taarifa ya benki siku ya ukaguzi. Ataona 2,500,000 zimetoka na hazina hati ya malipo. Mkijibu "ni mikopo ya wanachama" ndiyo mmejimaliza, kwa sababu mikataba ya ruzuku kwa kawaida hairuhusu hela ya mradi kukopeshwa. Mradi unasimama, mnaandikiwa barua ya kurejesha, mwenyekiti na mweka hazina hawasalimiani tena, na wale watatu waliokopa kihalali kabisa wanaitwa wezi mtaa mzima. Hata mkiwa na daftari safi la hisa haliwasaidii sana, kwa sababu taarifa ya benki haisemi shilingi hii ya nani na ile ya nani.

Sisi nasi kwenye kikundi chetu tuliambiwa maneno hayo hayo, na mtu wa sampuli hiyo hiyo: begi la kompyuta, viatu vinang'aa mpaka unajiona, na ile kauli yake, "wafadhili wanapenda akaunti yenye mzunguko". Mzunguko gani? Mfadhili si afisa mikopo! Huyu mshauri analipwa andiko la mradi likipita. Siku ya ukaguzi simu yake haipatikani, labda yuko Pemba anachokoa pweza. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, ila yeye hata hiyo leo hakuimaliza. Makato ya akaunti ya pili yawekeni kwenye bajeti kama gharama za benki. Mfadhili akiyakataa, lipeni wenyewe kwa michango. Hayafiki hata robo ya hilo shimo.

Fanyeni hivi. Kikao cha wanachama, na muhtasari useme wazi: tunafungua akaunti ya mradi, jina la kikundi likifuatiwa na neno "Mradi", watia saini ni fulani, fulani na fulani, na hakuna hela inayotoka bila saini mbili. Watia saini wasiwe mtu na mdogo wake, wala wifi na wifi. Ambatanisheni katiba, cheti cha usajili cha halmashauri, barua ya utambulisho ya mtendaji au afisa maendeleo ya jamii, vitambulisho vya NIDA na picha za watia saini. Benki hutofautiana kwenye karatasi, ulizeni kabla ya kupanga foleni. Mhudumu akisema "mbona akaunti mnayo", msiondoke. Na akaunti isiunganishwe na simu ya mtu mmoja, maana hapo saini mbili zinakuwa mapambo tu.

Kuazimana pia hapana. Hela ya mradi ikichelewa, kazi isimame. Msichote hisa kwa "tutarudisha", wala kinyume chake. Kamba za dukani Ngamiani chukueni risiti ya EFD (ile mashine ya kodi) yenye jina la kikundi. Mzee anayewauzia vigingi vya mwani hana mashine, kwa hiyo muulizeni mfadhili mapema kama atakubali karatasi yenye jina, simu, kiasi, saini na shahidi. (Na vigingi visiwe vya mkoko jamani. Mradi wa kupanda mikoko wenye stakabadhi ya kununua miti ya mikoko, hapo hata mimi ningeitisha ukaguzi.) Kila mwisho wa mwezi linganisheni daftari na taarifa ya benki, hata tofauti ya 1,500 ya makato iandikwe.

NGO? Bakini kikundi. NGO iko chini ya sheria namba 24 ya 2002, ina taarifa za kila mwaka kwa Msajili, na kanuni za 2018 zilileta sharti la kumpelekea mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 ndani ya siku 10. Kwa milioni nane mtakuwa mnalea makaratasi tu.

Pengine pa kuomba: mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) ulio chini ya UNDP (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa) unapokea vikundi vya kijamii, na mikoko ni kazi wanayoielewa. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) haina riba, lakini ni mkopo, inarudishwa. Nayo mkiipata, msiichanganye na hii.

Fomu bado iko kwako? Kata namba ya akaunti ya hisa leo, acha nafasi wazi, na mwandikie mfadhili kwamba akaunti ya mradi inafunguliwa, namba inafuata. Mshauri akilalamika, mwambie aweke ya kwake.