Kupeleka thamani kwenye konstrakta ya klasi mama

Swali: Natumia Java. Nina klasi Mfanyakazi ambayo konstrakta yake (sehemu inayojenga objekti mpya) inapokea jina na namba. Nimeandika klasi Meneja inayoirithi, kompaila ikagoma kwamba Mfanyakazi haina konstrakta isiyo na parameta. Nikaiongezea konstrakta tupu, kosa likaondoka, lakini sasa jina la kila meneja linatoka null, yaani halina thamani. Nakosea wapi?

Jibu: Futa hiyo konstrakta tupu. Kompaila ilikuwa inakusaidia, nawe umeinyamazisha.

Kila objekti ya Meneja inabeba ndani yake sehemu ya Mfanyakazi, na sehemu hiyo hujengwa kwanza. Konstrakta hazirithiwi, kwa hiyo ni kazi ya Meneja kuiita ile ya klasi mama na kuikabidhi inachohitaji. Usipoiita, Java huweka yenyewe `super();` bila thamani yoyote. Mwanzoni mwito huo haukupata konstrakta inayolingana nao, ndiyo maana ukaona kosa. Ulipoongeza ile tupu, mwito ukapata pa kwenda. Jina likafika kwa Meneja likaishia hapo hapo.

Andika hivi:

```
class Meneja extends Mfanyakazi {
    private String idara;

    Meneja(String jina, int namba, String idara) {
        super(jina, namba);
        this.idara = idara;
    }
}
```

Usijaribu kulifanya jina kuwa `protected` (linalofikiwa na klasi zinazorithi) ili ulijaze mwenyewe ndani ya Meneja. Ukaguzi wowote uliouweka kwenye konstrakta ya Mfanyakazi utarukwa. Mimi ningelitangaza `private final`, yaani la ndani ya klasi tu na la kujazwa mara moja: hapo ile konstrakta tupu isingekubaliwa kabisa, kwa sababu inaacha jina bila thamani.

Ukitaka kusafisha jina kabla ya kulipeleka, tumia mbinu ya `static` (isiyohitaji objekti), mfano `super(safisha(jina), namba)`. Kwa miaka mingi `super` ilipaswa kuwa mstari wa kwanza. Tangu Java 25, iliyotoka Septemba 2025, unaruhusiwa kutanguliza mistari mingine mradi isiisome objekti ambayo bado inajengwa.

Ukihamia C#, utaandika `: base(jina, namba)` baada ya mabano ya parameta, kwenye C++ utaweka `: Mfanyakazi(jina, namba)` mahali hapo hapo. Python ndiyo ya kuangalia sana. Ukiandika `__init__` yako ukasahau `super().__init__(jina, namba)`, hakuna atakayekuonya, mpaka programu itakapolitafuta jina na kulikosa.

Kuna mtego mmoja zaidi, na huu huwasumbua hata wazoefu. Tuseme konstrakta ya Mfanyakazi inaita `onyesha()`, na Meneja ameiandika upya `onyesha()` hiyo ili itumie `idara.length()`. Java itaita ile ya Meneja wakati `idara` bado ni null, nawe utapata NullPointerException ingawa ulipeleka thamani zote sawasawa. Hata ukiandika `private String idara = "Mauzo";` haisaidii, maana Java hujaza thamani hizo baada ya `super` kumaliza. C# huzijaza kabla, na C++ huita toleo la klasi mama, kwa hiyo usitegemee mazoea ya lugha moja ukiwa kwenye nyingine. Ndani ya konstrakta ya klasi mama, ita tu mbinu zilizo `private`, `static` au `final`; `onyesha()` iite nje, objekti ikishakamilika.