Mwalimu wangu wa farasi ananifokea hadi natetemeka. Nifanyeje?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Moshi, na tangu mwezi wa tisa mwaka jana ninafanya kazi katika shamba lenye farasi karibu na Usa River, Arusha. Nilianza kama saisi, kazi yangu ikiwa kusafisha mabanda, kuwachana farasi na kuwapelekea maji, na baada ya miezi mitatu mwenye shamba akaniruhusu nijifunze kupanda ili siku moja niweze kuwaongoza wageni kwenye safari za farasi. Hiyo ndiyo ndoto yangu. Tatizo ni mwalimu. Anawajua farasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini hawezi kusema bila kufoka. Wiki mbili zilizopita, mbele ya wageni na wenzangu, aliniita gunia la mahindi, akaongeza kwamba hata gunia lina nafuu kwa sababu halivuti hatamu. Watu walicheka. Sasa usiku wa kuamkia somo sipati usingizi, nikishapanda mikono inatetemeka, na farasi ambaye bandani ni mpole kama kondoo anakataa kabisa kunisikiliza. Wenzangu wananiambia nivumilie, eti wote walifundishwa hivyo. Je, nivumilie, nimjibu, au niache?

Saisi, Usa River

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ingawa najua lile gunia la mahindi lilikuuma, nilipokwama ni pale uliposema kwamba farasi anakusikiliza bandani lakini uwanjani anakukataa. Nataka tuanzie hapo, kwa sababu ninaamini hakukatai.

Farasi ni mnyama anayewindwa, na ameishi miaka yote hiyo kwa kuhisi hatari kabla haijafika. Wewe unayewachana kila asubuhi umeshaona jinsi nzi mmoja akitua ubavuni mwa farasi, kipande kile kile cha ngozi kinavyotikisika peke yake. Mnyama anayemhisi nzi hawezi kukosa kuhisi mapaja yako yanapobana. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu waliwaongoza au kuwapanda farasi mara kadhaa katika njia ile ile, kisha wakaambiwa kwamba katika mzunguko wa nne mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya wale watu yalipanda kwa kuutarajia tu, na ya farasi yakapanda pamoja nayo, ingawa farasi hawakuambiwa lolote.

Sasa jitazame wewe. Unapofokewa, pumzi inakatika, mabega yanapanda, mapaja yanabana na vidole vinavuta hatamu. Hatamu zimefungwa kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, na lijamu linalala juu ya ulimi wa farasi. Kwa hiyo mapaja yako yanamwambia aende, na papo hapo mikono yako inamwambia asimame. Mwenzako amepewa amri mbili zinazopingana, naye anafanya alichoweza, yaani kurusha kichwa, kwenda upande au kuganda. Mwalimu akiona hivyo anafoka zaidi, nawe unabana zaidi. Kosa analolipigia kelele, sehemu yake kubwa analizalisha yeye mwenyewe kwa kelele zake.

Ninasema haya kwa uchungu kidogo, maana yalinipata. Nilijifunza kupanda nikiwa mtu mzima, katika shamba moja chini ya Mlima Meru, kwa mwalimu ambaye sauti yake ilisikika hadi barabarani. Kwa wiki nyingi niliamini kwamba sina mwili wa kupanda farasi. Kisha siku moja nikaacha kuitazama mikono yangu, nikayatazama masikio ya yule jike niliyempanda. Sikio lake la kushoto lilikuwa limegeukia kwa mwalimu muda wote. Mwalimu alipotamka “telki”, yaani ule mwendo wa kukimbia polepole, mnyama alianza kwenda telki kabla mimi sijafanya chochote, kwa kuwa neno lile alilijua miaka mingi kabla yangu. Nikaelewa kwamba somo lilikuwa kati yao wawili, na mimi nilikuwa mzigo tu mgongoni. Tangu siku hiyo nilijua la kuomba.

Kabla sijakuambia la kuomba, lazima nimtendee haki mwalimu wako. Zipo kelele ambazo ni za lazima. Farasi mkubwa huwa na uzito wa kilo 400 hadi 500 au zaidi, na haoni kilicho nyuma yake kabisa, kwa hiyo anayepita nyuma yake bila kutoa sauti anastahili kupigiwa ukelele kabla hajapigwa teke. Mwalimu anaposema “visigino chini” kwa mara ya ishirini, anajua kwamba mguu ukipenya kwenye rikabu, kile kikanyagio cha tandiko, na mtu akaanguka, farasi anaweza kukimbia akimburuta. Anayejizungushia kamba ya farasi mkononi anaweza kupoteza vidole. Na wewe unataka kuwa kiongozi wa safari katika nchi yenye nyati na tembo, ambako amri ya kugeuza farasi inatakiwa itekelezwe kabla hujauliza sababu. Mwalimu mkali katika mambo haya anakulinda, na usimchukie.

Kipimo changu ni hiki: likishatamkwa neno, je, unajua ufanye nini? “Visigino chini” linakuambia la kufanya, hata likisemwa kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio. “Gunia la mahindi” halikuambii chochote. Kwa wiki moja, kila baada ya somo, andika kwenye daftari maneno yote unayoyakumbuka, uyatenge katika mafungu hayo mawili. Huenda ukakuta mafunzo ni mengi kuliko ulivyodhani, na huenda ukakuta ni matusi matupu. Kwa vyovyote utaenda kuzungumza naye ukiwa na jambo mkononi.

Usizungumze naye ukiwa juu ya tandiko, wala mbele ya wageni, wala siku ile ile alipokufedhehesha. Subiri farasi wavuliwe matandiko, wakati mnawaosha miguu au kuwapa majani, saa ambayo hata mtu mkali huwa ametulia. Mwamkie kama kawaida, kisha sema kwa maneno yako mwenyewe kitu kinachofanana na hiki: “Mwalimu, nataka sana kujifunza kwako. Nimegundua kwamba nikifokewa mfululizo ninabana mapaja na kuvuta hatamu, na farasi anaumia mdomoni. Naomba kila somo unipe jambo moja la kurekebisha, na siku chache unizungushe kwa kamba ndefu bila hatamu, ili nijifunze kukaa kwanza.” Angalia kwamba humwombi akuonee huruma. Unamwombea farasi, na mtu aliyewapenda farasi kwa miaka mingi ni vigumu kulipuuza ombi hilo. Habari ya gunia itaje mwishoni, kwa sentensi moja, bila kutetemeka: “Na lile neno la siku ile mbele ya wageni liliniuma.” Kisha nyamaza, umwachie nafasi.

Ukiwa juu ya farasi, jizoeze kurudia amri kwa sauti: “Visigino, nimesikia.” Walimu wengi hurudia kwa ukali zaidi kwa kuwa hawana hakika kama wamesikika. Pia hesabu mapigo ya kwato kwa sauti, manne kwa mwendo wa kawaida, mawili kwa telki, matatu kwa shoti ya polepole. Mtu hawezi kuhesabu kwa sauti huku ameizuia pumzi, na pumzi ikitoka mabega hushuka yenyewe.

Kuhusu wenzako wanaosema kwamba wote walifundishwa hivyo, sikubaliani nao hata kidogo. Waulize ni wangapi walioanza pamoja nao na leo hawapo. Waliobaki wamejifunza licha ya matusi, na itakuwa huzuni kubwa ukija kumrithisha saisi mwingine gunia hilo hilo.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyavumilia hata siku moja: kupigwa, kulazimishwa kupanda bila kofia ngumu, kupandishwa kwa adhabu farasi ambaye mwalimu anajua humwezi, au kumwona akimchapa mnyama kwa hasira alizo nazo juu yako. Hapo shuka, mrudishe farasi bandani, na umweleze mwenye shamba siku hiyo hiyo, kisha umwandikie barua yenye tarehe na ubaki na nakala. Wewe ni mwajiriwa. Ukiachishwa kazi kwa sababu ya kulalamika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya aina hiyo, na dai la kuachishwa kazi linatakiwa lifikishwe huko ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae ukingoja hasira zipoe.

Kuacha? Bado. Jipe muda hadi masika yaishe. Wageni wakipungua kati ya Machi na Mei, mwalimu naye ana nafasi ya kufundisha badala ya kukimbizana na ratiba, na hapo utajua kama ukali wake ni tabia au ni uchovu. Ikiwa hata wakati huo hakuna kilichobadilika, tafuta shamba jingine na uondoke kwa heshima, maana wenye farasi wa huku kaskazini wanajuana.

SWALI

Mama, binti yangu wa miaka 11 anajifunza kupanda farasi hapa Moshi kila Jumamosi. Mwalimu wake ni mkali na mara mbili amerudi akilia. Baba yake anasema tusimdekeze. Wewe unasemaje?

Mama wa Moshi

JIBU

Mama mwenzangu, kwa mtoto siweki subira ile niliyompa kijana wa Usa River. Nenda ukae uwanjani somo zima, bila simu, utazame na usikilize. Mwalimu asiyetaka mzazi atazame, mwondolee mtoto siku hiyo hiyo. Njiani kurudi usimuulize binti kama amefokewa. Muulize leo amejifunza nini, na farasi alikuwaje. Ukigundua kwamba amepigwa au anatishwa, hilo limevuka mipaka ya mafunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Na baba yake mwambie hivi: mtoto anayelia mara mbili na bado anataka kurudi kwa farasi hajadekezwa. Ila akisema Jumamosi hii hataki kupanda, msimpandishe. Mpelekeni tu na karoti mbili, amlishe yule farasi wake kwa kiganja kilichonyooshwa, kidole gumba kikiwa kimebanwa kando, kisha mrudi nyumbani.